UKUMBUSHO KAMA DIVAI YA LEBANONI

Somo: Hosea 14:1–9, hasa mstari wa 7



Neno la mwezi huu limo katika sura ya mwisho ya nabii Hosea. Nawasihi, msiendelee na karatasi hii kabla hamjaisoma sura hiyo. Ni fupi, mistari 9 tu. Mwalimu na aisome kwa sauti mbele ya watu wa nyumbani mwake, ndipo tutafakari pamoja.

Hosea alihubiri katika ufalme wa kaskazini wa Israeli, katika karne ya 8 kabla ya kuzaliwa kwake Kristo. Watu wake walikuwa na ngano, na divai, na mafuta, lakini walidhani kwamba Baali ndiye aliyewapa. Katika sura ya 10 nabii awafananisha na mzabibu ulioenea sana: kadiri matunda yalivyozidi, ndivyo walivyozidi kujenga madhabahu za sanamu. Mwisho wake mwaujua. Yapata mwaka 722 Waashuri waliutwaa mji wa Samaria, na watu wengi wakachukuliwa mbali na nchi yao. Lakini kabla mambo hayo hayajatimia, Hosea alipewa neno la mwisho, nalo si neno la hasira.

Hapo Mungu aahidi kuuponya moyo wao wa kurudi nyuma, na kuwapenda bila kulipwa. Yeye atakuwa kwao kama umande juu ya nchi kavu. Wale wakaao uvulini mwake watarudi. Watapata uhai tena kama nafaka, watachanua kama mzabibu. Na mwishoni nabii ataja divai ya Lebanoni. Wafasiri wengi wametia hapo neno harufu. Lakini neno la Kiebrania lililo hapo lina maana ya ukumbusho. Ni ndugu wa lile neno dhikiri tulilolipokea kutoka Kiarabu. Nayo Biblia ya Luther ya Kijerumani imelifasiri vivyo hivyo, ukumbusho. Basi nabii asema kwamba watu hawa, waliostahili kusahauliwa, watakumbukwa, kama mtu aikumbukavyo divai ya Lebanoni miaka mingi baada ya kuionja.

Kwa nini alitaja divai ya Lebanoni? Nchi ile haijaacha kuzaa zabibu hata leo. Na tukijua jinsi divai inavyopatikana huko, tutalifahamu neno la nabii vizuri zaidi. Kwa hiyo nitawasimulia kwanza habari za jamaa moja na shamba lao.

Habari za shamba

Lebanoni ni nchi ndogo kando ya bahari, kaskazini ya Galilaya. Milima mirefu imesimama kutoka kaskazini hata kusini, na nyuma ya milima hiyo kuna bonde pana liitwalo Bekaa, lililoinuka kadiri ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua lake ni kali, usiku ni baridi, na wakati wa kipupwe theluji hulala juu ya milima. Katika bonde hilo, mahali paitwapo Baalbek, yapo magofu ya hekalu kubwa la Bakusi, yule ambaye Warumi walimwabudu kuwa mungu wa divai. Hekalu lilijengwa katika karne ya 2 baada ya Kristo. Leo hakuna amwabuduye Bakusi humo. Wasafiri huja kutazama mawe tu. Lakini mzabibu ungali unazaa katika bonde lile, maana haukuwa wake tangu mwanzo.

Mwaka 1930 mtu mmoja, jina lake Gaston Hochar, alianza kutengeneza divai katika ngome ya zamani huko Ghazir, kijiji cha mlimani kaskazini ya Beiruti. Zabibu zake zilitoka Bekaa, ng'ambo ya milima. Divai yake iliitwa Château Musar. Mwaka 1959 mwanawe Serge aliishika kazi ya kutengeneza divai, na baadaye ndugu yake Ronald akaungana naye. Serge alifariki tarehe 31 Desemba 2014, lakini shamba halikuuzwa kwa wageni. Jamaa ile ile inalitunza hata sasa.

Walio karibu na Dodoma wamekwisha kuuona mzabibu kwa macho. Kwa wasioujua niseme hivi: ni mmea wenye shina gumu na matawi marefu, na kila mwaka hauna budi kupogolewa kwa kisu, la sivyo utajaa majani na kuzaa haba. Shambani mwa jamaa hii huulima kwa njia ambayo watu wa siku hizi huiita kilimo hai. Maana yake, hawatumii sumu za viwandani kuua magugu na wadudu, wala mbolea za chumvichumvi kuulazimisha mzabibu uzae upesi. Mwaka 2006 walipewa cheti cha kilimo hicho, nao walikuwa wa kwanza kukipata katika Lebanoni kwa ajili ya divai. Lakini cheti hakikuianzisha kazi. Kazi ilitangulia, cheti kikafuata nyuma.

Zabibu huchumwa kwa mikono. Mabedui wa bonde lile, wanaume na wanawake, huja na vikapu na makreti. Kisha magari huzivusha milima mpaka Ghazir. Kwa divai yao nyekundu iliyo kuu huchukua zabibu za aina tatu, yaani Cabernet Sauvignon, Cinsault na Carignan, na kila aina huchachuka peke yake katika tangi la saruji. Hawatii chachu ya kununua. Chachu iliyo juu ya ngozi ya zabibu zenyewe yatosha. Baadaye divai hukaa mwaka mmoja katika mapipa ya mwaloni. Ndipo huchanganya aina zile tatu, wakaitia katika chupa, na kuilaza gizani tena miaka minne hivi. Tangu siku ya kuchuma hata siku ya kuuza ni miaka 7. Mwenye shamba aweza kuchuma leo, akafa kabla divai hiyo haijafunguliwa.

Sasa fikirini jambo hili: tangu mwaka 1975 hata mwaka 1990 Lebanoni ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe, miaka 15. Shamba lilikuwa upande huu wa milima, na ngome upande wa pili; katikati yake palikuwa na askari, vizuizi na mizinga. Mwaka 1976 hawakupata divai kabisa. Miaka mingine walichuma kwa hofu, wakavusha kwa hofu. Mwaka 1984 mapigano yaliziba njia, magari yakachelewa siku kadhaa, na kwa joto zabibu zikaanza kuchachuka humo humo garini kabla ya kufika. Kwa desturi ya kazi yao mavuno hayo yalikuwa yameharibika. Hata hivyo hawakuyamwaga. Walifanya waliloweza, wakaiweka divai ile gizani, wakangoja. Haikufanana na divai ya miaka mingine, wala hawakuitoa sokoni kama nyingine. Lakini miaka mingi baadaye chupa zake zilipofunguliwa, ilionekana kwamba ilikuwa divai bado.

Wala taabu ya nchi ile haikuisha mwaka 1990. Mwaka ule ule wa 2006 walipopata cheti vilikuwako vita tena, mwezi wa Julai na Agosti. Na mwaka 2024 mabomu yalianguka tena katika Bonde la Bekaa. Katika nchi ya namna hiyo watu wamepogoa, wamechuma, wamengoja.

Sikuandika habari hizi ili mtu aende dukani kutafuta divai. Jamaa ile haituhubirii sisi. Wao wanafanya kazi yao. Lakini Bwana wetu mwenyewe aliwatazama watu wa shamba la mizabibu, akawafundisha wanafunzi wake kwa mfano wao. Basi na tujifunze mambo matatu.

Kwanza: Tunda halilazimishwi

Mtu akitia mbolea kali na sumu, hupata zabibu nyingi na upesi. Wengi hufanya hivyo, wala si kosa la kuhukumiwa barazani. Lakini wenye kilimo hai hujinyima wingi huo, kwa sababu wanataka mizizi ishuke chini na udongo ubaki na uhai kwa watoto wao.

Waalimu wenzangu, neno hili latuhusu sisi. Nami naungama mbele yenu kosa langu. Katika miaka yangu ya kwanza ya kazi tuliambiwa kwamba mgeni mkubwa wa kanisa atatutembelea. Nikataka hesabu ya ubatizo iwe kubwa siku hiyo. Palikuwa na wanafunzi waliojifunza muda mrefu, na wengine walioanza miezi michache tu iliyopita. Wale wa miezi michache hawakujua bado hata maana ya kutubu. Mzee mmoja wa usharika alinijia jioni, akaniambia, “Mwalimu, hawa bado mabichi.” Nikamjibu, “Mzee wangu, Roho Mtakatifu atawaivisha.” Yeye akanyamaza, akaenda zake.

Siku ile kanisa lilijaa, kwaya zikaimba, mgeni akafurahi, na hesabu ikaandikwa katika taarifa. Baada ya mwaka mmoja nilitazama mezani pa Bwana, na zaidi ya nusu yao hawakuwapo. Wengine walikuwa wamerudi kwa waganga, wengine walisema wazi, “Hatukujua tulichokiahidi.” Ndugu zangu, sikuwaibia watu wale fedha, niliwaibia wakati. Na jina la Roho Mtakatifu nililitumia kufunika haraka yangu.

Mtume Yakobo, katika sura ya 5, atuonyesha mkulima angojeaye mvua ya kwanza na ya mwisho. Mkulima huyo si mvivu. Anayengoja miaka 7 hufanya kazi kila siku ya miaka hiyo: kupogoa, kupalilia, kuangalia mapipa. Kungoja kwake kumejaa kazi, ila hafanyi kazi isiyo yake. Yeye hawezi kuiambia zabibu iive. Vivyo hivyo mwalimu aweza kufundisha, kutembelea wagonjwa, kuuliza maswali ya Katekisimo mara ya kumi. Lakini imani ndani ya moyo wa mtu si kazi ya mikono yake. Katika mstari wa 8 wa sura yetu Mungu amwambia Efraimu kwamba tunda lake latoka kwake Yeye. Neno hili latushusha majivuno, na papo hapo latutua mzigo.

Kumbukeni pia habari ya cheti. Jamaa ile haikuanza kulima vizuri siku ilipopata karatasi. Sisi nasi tuna karatasi zetu: cheti cha ubatizo, cheti cha kipaimara, cheti cha ndoa. Ni vema kuvitunza. Lakini ole wake usharika uliojaa vyeti katika sanduku, na shambani hamna kitu.

Pili: Mavuno yaliyoharibika hayamwagwi

Yuko mwalimu anayesoma maneno haya, na moyoni anasema, “Kwangu ni mwaka 1976. Sina mavuno yo yote.” Vijana wameondoka kwenda mijini, darasa limebaki na wazee wawili na mtoto mmoja. Mwingine asema, “Kwangu ni mwaka 1984. Nilichuma, lakini yameharibika njiani.” Aliowafundisha kwa machozi wameanguka. Nawaambia ninyi wawili, msome tena sura ya 14. Hosea alisema maneno yale kwa watu gani? Si kwa watakatifu waliosimama imara. Aliwaambia watu waliokwisha kuanguka kwa uovu wao, na kwanza akawasihi warudi wakiwa na maneno ya toba vinywani. Divai ya Lebanoni imeahidiwa waliorudi.

Nitawasimulia jambo moja lililonipata. Katika wale niliowabatiza kwa haraka palikuwa na kijana mmoja mwenye sauti nzuri ya kuimba. Hakukaa miaka miwili. Alianza kunywa pombe, akampiga mkewe, akaacha kusali. Tulimwonya kama Bwana alivyoagiza, kwanza peke yetu, kisha pamoja na wazee, mwisho mbele ya usharika. Hakusikia, akahama. Nikachukua kitabu cha usharika nikapiga mstari juu ya jina lake. Nawaambia kweli, nilipiga mstari ule kwa nguvu, maana nilikuwa na hasira. Nilitaka lisisomeke.

Ikapita miaka mingi. Jumapili moja baada ya ibada mtu mwenye mvi alibaki nyuma ya kanisa, ameshika kofia mikononi. Akaja polepole, akasema, “Shikamoo, Mwalimu.” Nikaitikia, “Marahaba, ndugu yangu,” nisimtambue. Akaniuliza, “Mwalimu, jina langu lingalimo katika kile kitabu?” Ndipo nikamjua kwa sauti yake.

Nikakileta kitabu cha zamani, tukakifungua mezani. Wino wa mstari wangu ulikuwa umefifia kwa miaka, lakini jina lililo chini yake lilisomeka. Alilitazama kwa muda mrefu, akaweka kidole juu yake, akalia. Nami nililia, lakini kwa sababu nyingine. Nilikuwa nimetaka kumsahau, na Mungu hakuwa amemsahau. Mimi nilimmwaga, Yeye alimweka gizani, akangoja.

Msinielewe vibaya. Kuonya kwa utaratibu wa kanisa ni kwema, na anayeharibu nyumba yake kwa ulevi asifichwe. Mkewe aliyepigwa alistahili kulindwa, nasi tulichelewa kumlinda. Hilo nalo ni la kutubia. Na mtu yule aliporudi hatukumrudisha mezani siku ile ile. Alikwenda kwanza kwa mkewe kuomba radhi, akakubali masharti ya mkewe, akaketi darasani tena pamoja na watoto wa kipaimara, mvi zake kati ya vichwa vyao vyeusi. Safari hii sikumharakisha. Lakini ninyi mnaoshika vitabu vya sharika, mwapigapo mstari, pigeni kwa mkono wa kutetemeka. Acheni jina lisomeke. Tena katika maombi yenu ya jioni litajeni jina hilo, ili liwe na ukumbusho mbele za Mungu hata wakati halina kiti kanisani.

Tatu: Kikombe hiki ni cha ukumbusho

Huenda msomaji auliza, “Mwalimu, wasifu divai, nasi twawaona walevi kila siku njiani?” Swali hili ni la haki. Hosea mwenyewe alilijua. Katika sura ya 4 asema kwamba uzinzi na divai humwondolea mtu akili zake. Basi nabii yule yule aliyetaja divai ya Lebanoni kuwa mfano wa neema, alitaja divai kuwa mwizi wa moyo. Kitu ni kimoja. Mikono inayokipokea ndiyo miwili. Israeli walipokea divai kwa Mungu, wakampelekea Baali shukrani. Mlevi naye hupokea tunda la taabu ya wengi, la jua na mvua na miaka ya kungoja, akalimeza kwa saa moja, na asubuhi halikumbuki hata jina la aliyekaa naye. Ulevi ni kusahau. Mtu hunywa ili amsahau mkewe, madeni yake na Mungu wake.

Lakini kipo kikombe kingine. Usiku ule aliosalitiwa, Bwana Yesu alikitwaa kikombe cha tunda la mzabibu, akawapa wanafunzi wake, akawaagiza wafanye hivyo kwa kumkumbuka Yeye. Humo neno la Hosea lilipata utimilifu wake. Ukumbusho wa watu wa Mungu umekuwa kweli kama divai, kwa kuwa Mwana wa Mungu ameiunganisha damu yake na kikombe kile kwa ahadi yake. Sisi twamkumbuka Yeye. Lakini kabla yetu, Yeye ametukumbuka sisi.

Wazee wetu katika imani walishindana sana kwa ajili ya kikombe hiki. Kwa muda mrefu makuhani ndio waliokinywa, na watu wa usharika walipewa mkate peke yake. Katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, sehemu ya 22, wazee wetu waliandika kwamba watu wote wapewe vyote viwili, kwa kuwa Bwana aliwaagiza wote wanywe. Kwa hiyo mwanamke aliyetoka kuteka maji, na mchungaji aliyesoma miaka mingi, hupokea kikombe kile kile. Na yule mwenye mvi niliyewasimulia, siku aliporudishwa mezani, alikipokea kikombe kile kile. Niliona midomo yake ikitetemeka. Kwa kijana wa zamani divai ilikuwa njia ya kusahau. Sasa alipewa tone dogo ili akumbuke, na ajue kwamba amekumbukwa.

Ninyi mnaopigana na ulevi, sikieni neno hili. Msije mezani mkidhani kwamba mnastahili kwa sababu mmejizuia wiki moja; wala msikae mbali kwa sababu mlianguka juzi, mkiwa mnatubu kweli. Semeni na mchungaji wenu kwa siri. Na kama hata tone moja ni hatari kwenu, mwambieni, msione haya. Yeye ataangalia jinsi ya kuwahudumia, kwa maana Bwana hakuiweka meza yake iwe mtego kwa walio dhaifu. Nanyi wenye nguvu, msijisifu kwa kunywa wala kwa kutokunywa, bali mlindeni ndugu yenu.

Neno la mwisho

Sura yetu yamalizika kwa swali: ni nani mwenye hekima, ayafahamu mambo haya? Katika Yohana 15 Bwana wetu ajiita mzabibu wa kweli, na Baba yake mkulima, nasi matawi. Na neno analolirudia mara nyingi hapo ni kukaa. Tawi halina kazi kubwa kuliko hiyo. Likikaa, litazaa, likijitenga, litakauka, hata likiwa na majani mazuri siku mbili tatu. Watu wa Bekaa hawakuweza kuizuia mizinga, wala kuifungua njia iliyofungwa, wala kuiivisha zabibu. Waliweza kukaa. Walikaa katika kazi yao mwaka wa mavuno na mwaka usio na mavuno, na kwa sababu hiyo divai ya Lebanoni haikukoma kuwa na ukumbusho.

Wewe mwalimu wa darasa la watu watatu, kaa. Wewe mama unayemwombea mtoto aliyepotea mjini, usilifute jina lake moyoni mwako. Wewe uliyeondoka zamani, na karatasi hii imekufikia kwa mkono wa jirani, fahamu kwamba jina lako lingali linasomeka. Rudi. Uvuli wake upo, na umande wake haujakauka.

Na tuombe: Ee Bwana, mkulima wa shamba hili, utusamehe haraka yetu na hasira yetu. Utupogoe pasipo kutung'oa. Uwarudishe uvulini mwako wale tuliowakatia tamaa, nasi utupe subira ya kungoja tunda litokalo kwako. Utukumbuke katika Yesu Kristo, aliye mzabibu wa kweli. Amina.